Kugema Nishati ya Nyayo: Istilahi za Kiswahili na Elimu ya Umeme Utokanao na Mwendo wa Binadamu

*Mhadhara wa wazi wa taaluma za Kiswahili uliotolewa Kilema, Moshi*



Desturi ya mihadhara hii ni kufanyika katika kumbi za chuo, penye feni na maji ya chupa. Safari hii waandaaji wameona vema tuje huku juu, na wengi wenu mmeipanda sehemu ya mwisho ya njia kwa miguu. Nawaona baadhi bado mnahema. Nawaomba msione haya kwa kuhema huko, kwa kuwa ndiko mada yangu ya leo.

Nianze na deni. Miaka michache iliyopita nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa kidato cha pili katika shule moja ya ukanda huu wa mlima. Nilichagua kuwaeleza juu ya viatu vinavyozalisha umeme mtu anapotembea. Nilizungumza kwa Kiingereza, kama utaratibu wa masomo ya sayansi katika sekondari zetu unavyotaka. Nilipowataka waulize maswali, darasa zima lilikaa kimya. Kipindi kilipokwisha, msichana mmoja alinifuata hadi langoni. "Shikamoo mwalimu," akasema, "umesema kiatu kinavuna nguvu zinazopotea. Zikipotea zinakwenda wapi? Na kiatu kikizichukua, mimi sitachoka zaidi?" Nikamwitikia marahaba, kisha nikamjibu kwamba kiatu hakimchukulii mtu kitu chochote.

Jibu hilo lilikuwa la uongo. Sikukusudia kudanganya, maneno niliyoyatumia, yaani "kuvuna", "nguvu" na "kupotea", ndiyo yaliyonivuta kwenye uongo huo. Mhadhara huu ni jaribio la kulipa deni la yule mwanafunzi.

Neno la mwongoza njia

Kilema ni mahali panapofaa kuzungumzia kitu kipya kinachotafuta jina. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alitoka Rabai, karibu na Mombasa, akaja hadi hapa Kilema kwa Mangi Masaki. Alikuja kwa miguu pamoja na msafara wa watu wa pwani. Tarehe 11 Mei, kabla ya kufika, aliona weupe juu ya mlima, akamuuliza mwongoza njia wake ni kitu gani. Mtu yule hakuwa na neno la theluji. Alimjibu kwa neno alilokuwa nalo: baridi. Rebmann mwenyewe ameeleza kwamba ni hapo alipong'amua kuwa anaitazama theluji. Wasomi wa Ulaya, hasa W. D. Cooley wa London, waliikataa habari hiyo kwa muda mrefu, wakisema haiwezekani theluji kuwapo karibu na ikweta.

Kwa mwanaisimu, kisa hiki kina utamu wake. Mwongoza njia hakukopa neno wala hakuunda jipya. Alilipanua neno la kawaida, tena neno linalotaja kile ambacho mwili unakihisi. Cooley alikuwa na neno sahihi la theluji katika lugha yake, lakini alikuwa mbali na mlima. Huyu alikuwa na neno pungufu, na alikuwa karibu. Sisemi kwamba ukaribu unatosha. Ingekuwa hivyo tusingehitaji kamusi. Nasema tu kwamba lugha yetu ina mazoea ya zamani ya kuliendea jambo geni kupitia hisi za mwili. Neno "umeme" lenyewe lilikuwa jina la mmweko wa radi kabla ya kuwa jina la kitu kipitacho katika nyaya. Wakenya nao waliichukua "stima" kutoka kwenye injini za mvuke wakaipa kazi hiyohiyo, nasi hatujapata kusikia mtu aliyepigwa shoti kwa sababu jina lilikuwa na asili ya meli.

Kitu chenyewe

Kabla ya kukipa kitu jina inatupasa kukifahamu. Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba baadhi ya fuwele, ikiwemo kwatzi, zikikandamizwa hutokeza chaji za umeme kwenye nyuso zake. Mwaka uliofuata Gabriel Lippmann alionyesha kwa hesabu kwamba kinyume chake lazima kiwe kweli pia: ukiipitishia fuwele umeme, itabadilika umbo. Ndugu hao wakalithibitisha jambo hilo. Jina la kitaalamu, linalotokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kubana au kukandamiza, halikutolewa na wagunduzi. Lilipendekezwa mwaka 1881 na Mjerumani Wilhelm Hankel.

Sababu ya tukio hili si ngumu. Ndani ya fuwele kuna chembe zenye chaji chanya na zenye chaji hasi, zilizopangika kwa mizani. Fuwele ikiminywa, mpangilio hupotoka kidogo: kitovu cha chaji chanya na kitovu cha chaji hasi hutengana, na upande mmoja ukawa chanya, mwingine hasi. Ukiunganisha nyuso hizo kwa waya, umeme hupita. Ukiachia, chaji hurudi mahali pake na umeme hupita tena kwa mwelekeo wa pili. Kwa hiyo hakuna umeme katika kukandamiza tu na kutulia. Umeme umo katika kukandamiza na kuachia. Kiatu cha mtu aliyesimama hakizalishi kitu. Kila mwenye jiko la gesi na kiberiti chake cha kubonyeza anakifahamu kitu hiki bila kukijua: ile cheche hutoka katika kipande cha kauri kinachogongwa na nyundo ndogo. Saa ya ukutani nayo huhesabu mitetemo ya kipande cha kwatzi, mitetemo 32,768 kwa kila sekunde.

Kauri itumikayo zaidi, iliyotengenezwa kwa risasi, zirkoni na titani, ina uwezo mkubwa lakini ni kavu, ikipindwa huvunjika. Mguu wa binadamu hautaki kitu cha namna hiyo. Mwaka 1969 Mjapani Heiji Kawai alitangaza kwamba plastiki iitwayo polivinilidini floraidi, ikivutwa na kisha kuwekwa katika uga mkali wa umeme, hupata tabia hiyohiyo. Katika mnyororo wa plastiki hiyo atomu za haidrojeni huelekea upande mmoja na zile za florini upande mwingine, nazo zikishapangwa hubaki zimepangika. Uwezo wake ni sehemu ndogo tu ya ule wa kauri, lakini huweza kutengenezwa kama utando mwembamba kuliko karatasi, unaopindika na kushonwa ndani ya nguo au soli. Tangu mwaka 2006, Zhong Lin Wang na Jinhui Song walipoonyesha kwamba nyuzi ndogo mno za oksidi ya zinki nazo hutoa umeme zikipindwa, utafiti wa vitu vya aina hii umeongezeka sana duniani. Hata mfupa wa mnyama una tabia hii kwa kiasi kidogo. Wajapani Fukada na Yasuda walilionyesha hilo mwaka 1957. Mtu anayepanda Kilema anatembea, kwa maana fulani, juu ya vifaa vya aina hiyo alivyozaliwa navyo.

Jina

Tutakiitaje? Njia ya kwanza ni kukopa na kutohoa: "piezoumeme". Ni njia halali, na mwanafunzi atakayesoma vitabu vya nje atalikuta neno lilelile. Ila halimwambii mtu wa Kilema kitu chochote.

Njia ya pili ni kutafsiri. Hapa Kiswahili kina utajiri unaotatiza: kukandamiza, kugandamiza, kubana, kubinya, kuminya, kubonyeza, kukamua, kukanyaga. Kila kitenzi kina nafsi yake. "Umeme-mkandamizo" ungekubalika mara moja, isipokuwa "ukandamizaji" umekwisha kuwa neno la siasa; ukisema mbele ya wapagazi wa mlima kwamba umeme huu unatokana na kukandamizwa, watadhani unazungumzia ujira wao. "Mgandamizo" umekwisha kupewa kazi katika elimu ya hali ya hewa. "Kanieneo", neno zuri lililoundwa na wataalamu wetu kwa kuunganisha kani na eneo, linataja kiasi kinachopimwa, si tukio. "Kubonyeza" ni kwa kidole, na "kukamua" kunadai maziwa.

Mimi naelekea kwenye kuminya. Mtu humminya jipu, huliminya chungwa, huiminya dawa ya meno, na katika yote hayo kitu hutoka. Kubana si lazima kutoe kitu. Kuminya kunatazamia matokeo. Nomino yake ni "mminyo", lakini "umeme-mminyo" humfanya msemaji ajikwae kwenye midomo yake mwenyewe. Kwa njia ya uhulutishaji, ile iliyotupatia "chajio" kutokana na chakula cha jioni, tunaweza kupata "umeminyo". Tukisema "fuwele za umeminyo", "utando wa umeminyo", "umeminyo wa kinyume", neno linazaa bila kuvunjika. Nalitoa kama pendekezo, na vyombo vyenye mamlaka ya kusanifisha vipo. "Tarakilishi" lilikuwa pendekezo zuri pia, na bado wengi wetu tunakwenda kununua kompyuta.

Kuhusu sifa ya utando huo, vitabu vyetu vina "nyumbufu". Neno hilo linabeba mambo mawili: kurudi katika umbo la awali, na kupindika bila kuvunjika. Mafundi seremala wanayatenganisha. Ubao unaoinama chini ya mzigo wanasema "unanepa", nao hawajali kama utarudi. Mwanafizikia anajali. Ningependa "nyumbufu" libaki kwa kile kinachorudi, na "kunepa" kupewe kazi yake ya kale katika lugha ya maabara. Utando wa kiatu sharti unepe na sharti unyumbuke.

Kuvuna au kugema?

Nakuja sasa kwenye kitenzi, ambacho kwa maoni yangu kina uzito kuliko jina. Watafiti wa nje husema wanavuna nishati, nasi tumewafuata kama tulivyowafuata katika "kuvuna maji ya mvua", ingawa wazee wetu walikuwa wakiyakinga. Lakini mtu huvuna alichopanda, huvuna mara moja kwa msimu, na akishavuna shamba hubaki tupu. Hakuna hata moja linalolingana na nyayo. "Kukinga" kungefaa, ila leo kumeelemewa na maana ya kujilinda. "Kurina" ni kwa asali, na nyuki hawafurahi.

Kipo kitenzi cha pwani ambacho kinaendana na jambo hili kwa namna ya kushangaza: kugema. Mgema hupanda mnazi, akakata kikole, akatundika chombo, akashuka. Mti unaendelea kuishi na kufanya kazi zake. Tembo hudondoka tone kwa tone, na mgema hurudi baadaye kukusanya. Kifaa cha umeminyo hufanya vivyo hivyo: kila hatua hutoa tone la chaji, tone huingia katika kapasita, na kapasita ikishajaa ndipo kazi fulani hufanyika. Viatu vilivyotengenezwa katika maabara ya chuo cha MIT, Marekani, na kuelezwa mwaka 1998 vilikuwa na utando wa plastiki chini ya kidole na kifaa cha kauri kisiginoni. Mvaaji akishapiga hatua chache, kiatu hutuma kwa redio namba yake ya utambulisho, kisha hunyamaza na kuanza kudondosha upya. Huko ni kugema hasa. Najua kwamba hapa Kilema pombe ya wazee ni mbege, nayo haigemwi. Watu wa mlimani wataniwia radhi.

Ubora mwingine wa kitenzi hiki ni kwamba kinakiri gharama. Kila mgema anajua kwamba mnazi ukigemwa hauzai nazi kama usiogemwa. Na hapa ndipo nilipomdanganya mwanafunzi wangu. Nishati ya kiatu haitoki hewani. Inatoka kwenye misuli, na misuli hugeuza takriban robo tu ya nishati ya chakula kuwa kazi. Iliyobaki huwa joto. Sehemu ya nishati ya hatua kwa kawaida humalizikia katika soli, kama joto na mtetemo, na hiyo twaweza kuigema bila mtu kuhisi. Tukizidisha, kiatu kinakuwa kama mchanga wa ufukweni: kila hatua inazama, na mwendaji anachoka. Mpaka kati ya hayo mawili upo, na mhandisi anautafuta kwa vipimo.

Hesabu za njia ya Kilema

Waswahili wana methali juu ya mgema anayesifiwa, na katika jambo hili sifa zimekuwa nyingi. Tuhesabu basi kwa kutumia njia tuliyopanda.

Mtu wa kilo 60 anayepanda mita 500 kwenda juu hufanya kazi ya jouli 294,000 dhidi ya uzito wake mwenyewe. Betri ya simu ya kawaida ya leo hubeba jouli 53,000 hivi. Kwa hesabu hiyo safari moja ya kupanda kutoka tambarare ingejaza simu mara tano na ushei. Aidha, mwaka 1996 Thad Starner alikokotoa kwamba mtu wa kilo 68 anayepiga hatua mbili kwa sekunde, kisigino kikishuka sentimita tano kila hatua, hushusha nishati kwa kadiri ya wati 67. Ni takwimu za kutia hamu.

Sasa tazama kilichopatikana. Utando wa plastiki wa viatu vya mwaka 1998 ulitoa wastani wa miliwati 1.1. Toleo la kisigino cha kauri lililoelezwa mwaka 2001 lilifika miliwati 8.4. Kwa miliwati 8.4, kujaza betri ile kungehitaji saa zaidi ya 1,700 za kutembea bila kupumzika. Kwa miliwati 1.1, mwaka mmoja na nusu, usiku na mchana. Vifaa vimeboreka tangu hapo, lakini pengo ni la maelfu, na sehemu kubwa ya nishati ya mpandaji haiko katika soli. Imo katika kuunyanyua mwili, na hiyo huwezi kuigema bila kumwongezea mtu mlima.

Mwaka 2012 Mkenya kijana, Anthony Mutua, alionyesha Nairobi kipande chembamba cha fuwele cha kuwekwa ndani ya soli ili kuchajia simu, na habari ikazunguka Afrika Mashariki yote. Nilifurahi kama wengine. Kilichonisikitisha ni namna sisi wa Kiswahili tulivyoipokea habari ile: "kiatu kinachozalisha nguvu", basi. Hakukuwa na neno la kutenganisha nishati na kadiri ya utoaji wake, kwa hiyo msomaji hakuwa na njia ya kuuliza swali la pekee lililostahili kuulizwa: kwa muda gani? Wakati Tanzania tunasema nishati, Kenya wanasema kawi. Hilo halinisumbui, maana yote mawili ni kitu kimoja. Kinachonisumbua ni "nguvu", ambalo leo ni kani, ni nishati, ni wati, ni afya na ni serikali.

Kata ya mama

Yapo maarifa ya mwendo yaliyotutangulia. Mama wa Kilema anayepanda na mzigo wa majani ya ng'ombe kutoka mashamba ya tambarare, kata kichwani, shingo imenyooka, amewahi kuwa fumbo la kisayansi, ingawa waliopimwa walikuwa jirani zake wa Kenya. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la *Nature* vipimo vya wanawake wa Kijaluo, wanaobeba kichwani, na wa Kikikuyu, wanaobeba kwa mkanda wa kwenye paji la uso. Wanawake hao waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila ya matumizi ya nishati kuongezeka. Kwa mtu wa kilo 60, hizo ni kilo 12. Mwaka 1995 Norman Heglund na wenzake walieleza sababu: mwili unaotembea hupanda na kushuka kama timazi, na wanawake wale, wakiwa na mzigo, huihifadhi nishati ya mpando na mshuko huo vizuri zaidi kuliko watu wengine, hivyo kidogo hupotea kati ya hatua na hatua.

Natia mkazo hapa kwa sababu jambo hili linageuza mada juu chini. Mhandisi anatafuta nishati iliyopotea katika mwendo. Mama huyu amekwisha kuipunguza. Vipimo vile vilifanywa kwenye usawa, si kwenye mteremko kama huu wetu, lakini swali linabaki: ukimvika kiatu laini cha kugema, unaweza kuivuruga ile mizani aliyojijengea tangu utotoni. Na mpagazi anayebeba kilo 20 za mgeni kwenda Kibo? Mwaka 2005 Lawrence Rome na wenzake waliunda mkoba wa mgongoni ambao mzigo wake hucheza juu na chini na kutoa hadi wati 7.4. Haukutumia umeminyo, lakini unatosha kwa simu. Simu ya nani, na kwa ugali wa nani? Kitenzi "kuvuna" hakiulizi swali hilo. "Kugema" kinaliuliza, kwa kuwa kila mnazi una mwenyewe.

Kazi iliyo karibu

Ikiwa simu haijazwi, utando huu una faida gani? Faida yake iliyo karibu ni kuhisi. Kitu kinachotoa umeme kila kikiminywa kinaweza kusema wapi na lini kimeminywa. Ukiweka vipande kadhaa chini ya unyayo, utajua mtu anakanyaga vipi: mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisi za mguu, au aliyevishwa mguu wa bandia akajifunza kutembea upya. Hapo chini Moshi, katika hospitali ya KCMC, kipo tangu 1981 chuo cha kufundisha mafundi wa viungo bandia, TATCOT, chenye wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Kwa kazi ya aina hiyo miliwati moja si haba, na kifaa chenyewe hakihitaji betri ya kubadilishwa kila wiki.

Lakini fundi atamwambia nini mgonjwa wake? Mgonjwa atokaye Kilema atataka kujua kile kipande cha plastiki ndani ya kiatu kinafanya nini, kama kinauma, kama kitampiga shoti, kama atachoka. Fundi hatamjibu kwa Kiingereza. Atatunga papo hapo, kama yule mwongoza njia wa mwaka 1848, na atakachokitunga ndicho mgonjwa atakachokiamini na kukifuata au kukipuuza.

Yule mwanafunzi, endapo leo angenifuata langoni, ningemjibu hivi: "Mwanangu, hazipotei. Zinaingia katika soli na ardhini, zikawa joto dogo usilolihisi. Kiatu kinagema sehemu yake. Kikigema kidogo hutajua. Kikigema sana utachoka, na utakula zaidi jioni. Simu hakitaijaza." Ningeweza kuyasema hayo kwa sekunde ishirini. Neno moja tu lingenikwamisha, lile la kadiri ya nishati kwa sekunde, ambalo kamusi zetu huliita nguvu na mtaa mzima huita nguvu kila kitu kingine. Sina pendekezo la kuwaridhisha. Wanafunzi wa isimu mliopo hapa, na wa fizikia kama wapo, naomba tuanze maswali na hilo.